Jina la Mtoto wa Nne wa Mama Sekela

Nakumbuka siku moja ya mvua za mwanzo, mwanangu, nikiwa nimesimama mbele ya jeneza na karatasi mkononi, nimevaa koti la kaka yangu, najiona mtu wa maana kabisa. Siku ile niliwasomea watu wote wa kijiji chetu uongo, na sikujua kama ni uongo. Ndiyo maana nimekuita ukae nami hapa jikoni, karibu na moto, tunywe chai. Habari hii ni ndefu kidogo na mimi sipendi kukatizwa, wewe mwenyewe wanijua.

Wakati ule nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kurudi huku milimani Ileje kwenye kahawa ya baba, na nilikuwa na mwandiko mzuri. Sijisifu. Hata mchungaji alikuwa akiniletea matangazo ya kanisa niyaandike upya ili yasomeke. Kwa sababu ya mwandiko huo wakaniita Karani, wakanipa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Kama ilivyo mpaka leo, kila palipo na msiba, kabla jeneza halijashushwa, mtu husimama akasoma: marehemu alizaliwa mwaka fulani, akasoma mahali fulani, akaoa au akaolewa, akazaa watoto kadhaa, akaugua, akafa.

Mara za kwanza niliifanya kazi ile kwa hofu. Nilikuwa nakaa na wafiwa, nauliza, naandika, nafuta. Baadaye nikachoka. Nikajitengenezea mfano kwenye daftari, mistari yote imeshaandikwa, nimeacha nafasi za jina, mwaka na idadi ya watoto tu. Mwishoni niliweka maneno yasiyobadilika: marehemu alikuwa mcheshi, mpenda watu, mshiriki mwaminifu na mwanakwaya hodari. Mlevi akifa, ni mwanakwaya. Mgomvi aliyewasumbua majirani maisha yake yote, naye ni mwanakwaya. Niliweza kummaliza mtu wa miaka themanini kabla maji ya ugali hayajachemka, na watu wakanisifu kwa wepesi wangu. Kichwa kikavimba.

Basi akafariki Mama Sekela. Alikuwa akiishi bondeni kidogo kutoka kwetu na mumewe, Mzee Kibona, ambaye macho yake yalikuwa yameshapoteza nuru. Bibi huyo nilimjua tangu nijue kutembea. Kila asubuhi nikipita kwenda kisimani nilikuwa namsalimu, "Shikamoo, Mama Sekela," naye akiitikia, "Marahaba, umeamkaje?" Miaka yote hiyo, mwanangu, jina hilo lilikuwa mdomoni mwangu, na hata siku moja sikuwahi kuuliza Sekela ni nani, wala yuko wapi. Nyumbani kwao sikuwahi kuona mtoto. Kwa akili yangu ya ujana, niliona ni jina tu, kama watu wengine wanavyoitwa.

Siku ya msiba wake sikwenda hata kukaa na wafiwa. Nilimwuliza mpwa wake njiani mwaka wa kuzaliwa, akakisia, nami nikaandika alichokisia. Nilipofika kwenye nafasi ya watoto nikaandika kwa mwandiko wangu ule mzuri: "Marehemu hakujaliwa kupata mtoto." Nikakunja karatasi, nikala.

Kaburini nilisoma kwa sauti kubwa. Nilipofika kwenye mwanakwaya hodari, nikawaona kina mama wa mbele wakijifunika midomo kwa khanga. Nilidhani wanalia. Baadaye niliambiwa kwamba Mama Sekela aliondolewa kwenye kwaya siku ile ile aliyojiunga, kwa sababu sauti yake ilikuwa inawapoteza wengine wote, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiisimulia habari hiyo na kuicheka. Lakini hilo lilikuwa dogo. Nilikuwa sijakaa bado nilipoona Mzee Kibona amenyanyua fimbo yake juu.

"Kijana," akasema, "umemsoma nani?"

"Bibi, babu. Mke wako."

"Mke wangu ana watoto wanne."

Hakusema kwa ukali. Ningeshukuru kama angefoka. Alisema taratibu tu, uso wake umeelekea mahali aliposikia sauti yangu. Nikajaribu kujitetea, ujinga ulioje, nikasema, "Babu, hapa imeandikwa…"

"Nimesikia ilivyoandikwa. Wewe unamwita mama wa nani kila siku ukipita pale kwangu?"

Mwanangu, nimepigwa viboko shuleni, nimewahi kuanguka kutoka kwenye lori, lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia kwa swali lile. Mchungaji akataka kuendelea na ibada kwa sababu mvua ilikuwa inakuja upande wa Malawi. Mzee Kibona akakataa. Akasema mwili hautashuka mpaka watoto watajwe. Akapewa nafasi, akasimama akishikiliwa na mpwa wake, akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Sekela, wa kike. Surua ilimchukua. Ambakisye, wa kiume. Naye surua, juma lile lile. Andongwisye, wa kiume. Huyu alikuwa ameanza kuchunga mbuzi."

Akashika kidole cha nne, akabaki amekishika. Tukasubiri. Matone ya kwanza yakaanza kudondoka kwenye jeneza. Akafungua mdomo, akafumba, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na wa nne," akakaa. Tukamzika Mama Sekela na watoto watatu na wa nne asiye na jina.

Kesho yake asubuhi akaniita. Nilikwenda nikiwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, na aliyasikiliza mpaka mwisho, kisha akayaweka kando kama mtu anayesogeza kikombe. Hakuniitia hayo.

"Mjukuu wangu, mimi ni mtu mbaya kuliko wewe," akasema. "Wewe hukujua watoto wa mwingine. Mimi sijui jina la mtoto wangu."

Akanieleza. Enzi za ujana wake wanaume wa huku walikuwa wakienda kwenye migodi ya shaba, kule Zambia kabla haijaitwa Zambia. Wengine walikaa mwaka, wengine walikaa mpaka wakasahaulika. Yeye alimwacha mkewe ana mimba ya wa nne. Aliporudi akaambiwa na watu kwamba mtoto, wa kike, aliishi siku chache tu, akafa.

"Sikumwuliza mwenzangu jina," akasema. "Nilimkuta amekonda, hasemi. Nikaona nikiuliza nitamtonesha. Nikasema nitauliza kesho. Na yeye hakusema. Tukalima, tukapanda kahawa, tukazeeka, na kesho hiyo haikufika. Sasa amekwenda nalo. Na mimi siku zangu ni chache, Karani. Nikifika huko akiniuliza mbona hukumtaja mwanangu siku ya maziko yangu, nitamjibu nini?"

Machozi yalikuwa yanamtoka kwenye yale macho yasiyoona, wala hakuyafuta. Akaniambia kwamba aliyebaki duniani anayeweza kulijua jina hilo ni mmoja tu, Bibi Tumpale, aliyekuwa jirani na shoga wa Mama Sekela tangu wote wawili walipokuwa wake wachanga. Ila bibi huyo alikuwa amechukuliwa na mwanawe kwenda kuishi Kamsamba, huko chini kwenye mpunga. "Wewe una miguu na una kalamu," Mzee Kibona akasema. "Niletee jina."

Nikaenda. Nisingethubutu kutokwenda. Nilishuka kwa miguu, nikadandia lori la mahindi hadi Tunduma, na pale mpakani, katikati ya kelele za wabadilisha fedha za kwacha, nikampata msafirishaji mmoja mtu wa Kigoma, Bwana Shabani, aliyekuwa anakwenda Kamsamba kuchukua mchele. Njiani aliniuliza nafuata biashara gani. Nikamwambia nafuata jina la mtoto aliyekufa kabla sijazaliwa. Alicheka kwanza, akadhani namtania. Alipoona sicheki akasema, "Mama yangu mimi naye alizika wawili kabla yangu. Hata siku moja sikumuuliza." Tangu hapo mpaka tunafika alikuwa dereva mwingine, ananiletea maji, ananiita mdogo wangu.

Kamsamba ilinikaribisha kwa joto ambalo sisi watu wa ukungu hatulijui. Nilimkuta Bibi Tumpale ameketi kwenye kivuli cha ghala, anapeta mchele, mdogo, mkavu, macho makali. Nilimweleza msiba. Alilia, akaita jina la shoga yake mara nyingi kwa Kindali chetu, akanishika mikono akisema ndaga, ndaga, kunishukuru kwa kumletea habari mwenyewe badala ya kuitupa kwa wapita njia. Nikaona sasa ndiyo nafasi. Nikatoa daftari na kalamu, nikauliza jina la wa nne.

"Weka hiyo karatasi chini," akasema. "Umetoka mlimani kote huko kuja kuchukua neno moja? Kula kwanza."

Nikala. Nikauliza tena. Akasema, "Unamjua mwenyewe?" Nikasema namjua, nilikuwa namsalimu kila siku. Akanitazama kwa namna ambayo ilinifanya nitamani kurudi kwenye lori.

Alinikalisha siku tatu, mwanangu. Nilikuwa na haraka, na haraka yangu yote iliishia pale ghalani. Alinisimulia kwamba Mama Sekela alikuwa anatumia mkono wa kushoto, na mama yake wa kambo alikuwa akiufunga kwa kamba ya mgomba ili aache, naye akaukataa utumwa huo mpaka akashinda. Kwamba wanaume walipoicheka kahawa kuwa ni miti isiyolika, yeye alikwenda misheni kwa miguu akarudi na miche kichwani, imefungwa kwenye majani ya migomba yenye unyevu, akaipanda kwenye ule mteremko ambao mimi niliukuta una kahawa na kudhani Mungu ndiye aliyeiotesha. Miche ya baba yangu, ile iliyonisomesha, ilitoka kwenye shamba hilo. Alinisimulia jinsi alivyovuka Mto Songwe na vyungu kwenda kubadilishana na samaki, jinsi alivyomwogopa chura kuliko nyoka, jinsi alivyokaa mwaka mzima bila kuingia kanisani baada ya surua, kisha Jumapili moja akaingia tu, akakaa nyuma, na mchungaji wa wakati huo akawa na busara ya kutomwuliza kitu. Niliandika mpaka daftari likajaa. Ile karatasi niliyoisoma kaburini ilikuwa mfukoni bado, na nilipoitoa siku ya pili niliona haya kuitazama.

Siku ya tatu nikasema, "Bibi, sasa jina."

Akaacha kupeta. "Hakuwa na jina."

Sikuelewa. Akaniuliza, "Kwenu jina la mtoto hutolewa na nani?" Nikasema na baba. "Basi. Baba alikuwa huko kwenye shaba. Mimi ndiye niliyempokea mtoto yule kwa mikono hii. Tukamwambia mwenzetu, mpe jina, hata la kushikilia tu, mtoto hawezi kukaa hivi. Akakataa. Akasema, baba yake yuko njiani, jina analo yeye, atalileta. Barua ya kumwambia ni wa kike ilikuwa imekwenda. Siku sita alikuwa anamwimbia kwa ile sauti yake mbaya, akimwambia subiri kidogo, baba anakuja na jina lako. Siku ya saba tukamzika. Na Kibona aliporudi, yule mwenzangu alikuwa anasubiri aulizwe tu. Alitaka kumwambia, mpe sasa, hata kama amechelewa. Hakuulizwa. Akaona aibu kuanza."

Mwanangu, ukiwa mtu mzima utajua kwamba watu wawili wanaweza kulala kitanda kimoja miaka arobaini, kila mmoja anamwonea huruma mwenzake, na huruma hiyo hiyo ikawanyima neno walilolihitaji wote wawili. Mimi nililijua hilo pale Kamsamba nikiwa kijana, na nililia kama mtoto mbele ya Bibi Tumpale.

Sasa nikuambie jambo nisilolisema mara kwa mara. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nabuni majina. Nilisema, nitakwendaje kwa mzee kipofu aliyenituma jina nimwambie hakuna jina? Si nimpe moja zuri tu, afurahi, afe kwa amani? Nani angejua? Bibi Tumpale yuko mbali. Nilikuwa nimeshachagua na mwandiko wa kuliandikia. Ni ule ule ugonjwa wa daftari langu lenye nafasi wazi: ukiona pengo, lijaze, watu wasonge mbele. Nilifika mpaka mlangoni kwa Mzee Kibona nikiwa na jina la uongo ulimini.

Akasema, "Karani?" kwa kusikia hatua zangu. Akanyoosha mkono. Nikaushika, nikashindwa kudanganya. Nikamwambia yote kama nilivyoambiwa, siku sita zile, na wimbo, na barua, na kwamba mkewe alikuwa anasubiri aulizwe.

Kisha akasema, "Kwa hiyo hakwenda nalo."

"Hakwenda nalo, babu. Hukuwahi kuambiwa kwa sababu ni wewe uliyekuwa unangojwa."

"Alinilindia nafasi," akasema. "Muda wote huu alinilindia." Akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyefiwa leo, na mimi sikumnyamazisha. Alipomaliza alijipangusa uso kwa kiganja na kusema, "Chukua kalamu. Aitwe Atupele. Ni jina la mama yangu. Nilitoka nalo mgodini siku nilipopata barua, nikatembea nalo njia nzima, nilipofika nikakuta amekufa, nikadhani alikuwa ameshapewa jingine, nikalinyamazia. Andika, Atupele Kibona."

Nikaandika. Na ule ndio mwandiko wangu mbaya kuliko yote niliyowahi kuandika.

Jumapili iliyofuata mchungaji aliniruhusu nisimame kanisani nimsome upya Mama Sekela. Nilisoma kuhusu mkono wa kushoto, na miche, na chura, na kwaya iliyomfukuza. Watu walicheka kanisani, wakalia, wakacheka tena. Nilipofika kwa watoto niliwataja wanne kwa majina. Nilipomtaja Atupele, Mzee Kibona aliitika "naam" kwa niaba yake, na kina mama wazee wakapiga vigelegele, kama mtoto amezaliwa asubuhi ile. Mzee mwenyewe hakuyafikia mavuno ya kahawa yaliyofuata. Ila wasifu wake tuliuandika pamoja akiwa hai, na aliniamrisha nifute neno mcheshi. "Mimi si mcheshi," akasema. "Usinianze."

Lile daftari la mfano nililichoma moto. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaendea watu wa kijiji hiki wakiwa hai, mmoja mmoja, na ndiyo hayo madaftari unayoyaona kwenye sanduku. Mbona unayatazama hivyo? Yasomwe. Hayajaandikwa yaliwe na panya.

Sasa nasikia mnapeleka wasifu kwenye duka la kuchapisha, unakuta umeshaandaliwa, kazi ni kubadili jina na picha. Nimekaa kwenye maziko ya mwaka huu nikasikia mwanakwaya wangu amefufuka, nikatamani kunyanyua fimbo. Mwanangu, usimwandike mtu ukiwa umekaa kwako. Nenda ukakae naye, na usiende na swali moja, kwa sababu neno unalolitafuta limekaa katikati ya maneno mengine elfu, na mwenye nayo hawezi kukung'olea hilo moja tu. Una simu inayorekodi sauti. Umerekodi harusi zote za Tunduma na hujawahi kumrekodi bibi yako akieleza alivyoolewa. Anza kwake, wiki hii, usingoje likizo. Muulize kuhusu waliokufa pia, kwa upole, kwa majina yao. Utaogopa kumtonesha. Muulize hivyo hivyo. Asiyetaka kusema atakwambia hataki, lakini wengi wamekaa wanangoja mtu aanze. Na pale usipopata jibu, acha nafasi iwe wazi, uandike kwamba hujui. Usibuni. Pengo la kweli kuna siku mwenyewe anaweza kulijaza, ila ukilijaza kwa uongo hatalikuta tena.

Na wewe mwenyewe uishi na watu kwa namna hiyo. Mkeo ukimpata, muulize leo. Kesho isikuzoee.

Sogea nikushike kichwa. Mungu akupe miguu ya kuwafikia wazee wako wakiwa bado wanasema, akupe na moyo wa kuketi mpaka wamalize. Akupe watoto, na kila mmoja umwite kwa jina lake kabla siku haijamshinda. Na baada ya miaka mingi sana, zamu yako ya kulazwa mbele za watu ikifika, asimame kukusoma mtu anayekujua, na waliokaa mbele wasikie na kusema, ndiye, huyu ndiye yeye.